Habari Iliyoletwa na Watu Watatu

Wapendwa, kaeni mkao wa kusikiliza, maana mfano wa leo una nyaya na mitambo, na naona akina mama hapa mbele wameshaanza kunikunjia uso. Msiogope. Mwisho wake mtauelewa, tena mtatamani msingeuelewa.

Palikuwa na fundi mmoja wa intaneti. Kazi yake ilikuwa kuitunza ruta, ile mashine inayouongozea mji mzima njia za mtandao. Siku moja ikaletwa ruta mpya, naye akaketi kuipangia mambo yake ya mwanzo. Akaipa namba yake. Akaiandikia mashine za kampuni nyingine ambazo ndizo majirani zake. Maana mashine hizi hupashana habari kutwa kucha. Hii inasema, mimi naijua njia ya kwenda mji fulani. Jirani anaipokea habari, anampelekea mwenzake. Lakini kila anayeipitisha sharti aigonge namba yake.

Meneja, mama mmoja asiyependa kupitwa na jambo, akauliza hizo namba ni za nini. Fundi akamweleza kwamba ruta haiamini habari kabla ya kusoma imepita kwa nani na nani. Ikiiona namba yake yenyewe humo, inaitupa.

"Hata ikiletwa na jirani mwaminifu?"

"Hata akiileta nani, mama. Hiyo si habari. Ni kauli yake yenyewe imezunguka, ikairudia."

Mama yule akacheka, akasema basi mashine ina akili kuliko shangazi zake. Nanyi mnacheka? Chekeni tu, bado mapema.

Wiki hiyohiyo betri za mnara wa kampuni zikakosekana, zote nane. Mnara ulikuwa na mlinzi, mtu mzima, msomaji wa neno kanisani kwake, miaka kumi na tisa analinda na hajapoteza hata msumari. Mchana, fundi akiwa kwa mama ntilie anasubiri ugali, akamwambia mtunza stoo maneno haya tu: yeye hajui, lakini juzi kamwona mlinzi juu ya pikipiki mpya. Ugali ukaja, akanawa, akala, akasahau.

Jumamosi kinyozi, wembe uko shingoni, akamnong'oneza kwamba mlinzi wa mnara kauza betri kanunua pikipiki. Fundi akashtuka kwelikweli. Jumapili, nje ya kanisa, mwalimu wa kwaya akamwambia hilohilo. Jioni mkewe naye akarudi nalo kutoka kikundi cha akina mama, na sasa pikipiki zimekuwa mbili. Fundi akashika kichwa. Yule mzee! Anayesimama mbele za watu na kitabu mkononi! Tena kasikia sehemu tatu mbalimbali. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja, si ndivyo tunavyosema?

Jumatatu meneja akamwita. "Wewe unamfahamu. Niandike barua?"

"Andika, mama. Nimesikia kwa watu watatu."

Mlinzi akafukuzwa kazi. Wakwe waliokuwa wameleta posa ya binti yake wakatuma mjumbe kusema wanaahirisha kidogo, na hawakuonekana tena.

Mwezi haukuisha, betri zikapatikana. Wapi? Makao makuu! Gari la kampuni ndilo lililokuja kuzichukua zikapimwe, mchana kweupe. Mlinzi alilisema hilo tangu siku ya kwanza. Nani alimsikiliza? Na pikipiki ilikuwa ya shemeji yake, kaiazima ampeleke mkewe hospitali.

Fundi akapandwa na hasira, akaapa atamtafuta mwongo aliyelianzisha jambo lile. Akaanza nyumbani. Mkewe alisikia kwa mke wa mwalimu wa kwaya. Mwalimu wa kwaya alisikia kwa kinyozi. Kinyozi alisikia kwa mtunza stoo. Fundi akaingia stoo amefura, akamkunja mwenzake shati: nani alikuambia? Mtunza stoo akamtazama kwa mshangao.

"Si wewe? Ulikuwa unasubiri ugali."

Wapendwa, mtu yule alikaa chini sakafuni. Siku ile ya ruta mpya aliisifia mashine kwa kuitupa kauli yake inayoirudia, na yake ilipomrudia, aliipokea kwa mikono miwili, akaitolea ushahidi.

Na sisi? Wale watu watatu tunaowategemea kila tunapotaka kumhukumu mtu, tumewahi kuwauliza wamesikia kwa nani? Tungeuliza, tungefika kwa nani? Ninyi mnaonitazama, jibuni moyoni.

Nami nitajibu kwa kinywa. Mlinzi yule hayuko mbali. Ndiye aliyekuwa akitusomea neno hapa, kwenye mimbari hii. Ni mimi niliyemwondoa zamu ya kusoma. Niliisikia habari ile kwa watu wanne, nikaona inatosha, nikaipeleka mbele kwenye kikao cha wazee. Hata mlangoni kwake sikugonga kumwuliza. Leo ni Jumapili ya tano hajaja.

Nikishatoa baraka, nakwenda kwake kwa miguu. Acheni kutazama viatu vyenu, ndugu zangu. Namba yangu imo katika habari ile. Kila anayejua na yake imo, anisubiri pale mlangoni, twende wote.