Bibi Kabula na Nyayo za Kichuguuni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Itikieni kwa nguvu, ngiri hayupo!"

"Pakawa!"

Zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake limeliwa na mchwa, aliishi Bibi Kabula. Kila mvua za kwanza aliwapeleka vijana porini, akiwafundisha habari za wanyama, ndege na wadudu. Mwaka huo wazazi walisema, "Bibi amezeeka. Akikosea safari hii, watoto hawaendi tena."

Bibi akaondoka kifua mbele.

Wakafika kwenye kichuguu. Desturi yao ilikuwa kukigonga kwa vijiti, ili kumbikumbi wadhani ni mvua, watoke, waliwe. Chini yake palikuwa na shimo kubwa. Bibi akainama.

"Nyayo za ngiri. Zinaelekea nje. Mwenyewe kaondoka. Gongeni!"

Ti-ti-ti! Ti-ti-ti!

"Lakini Bibi," akasema binti mmoja, Minza, "mwaka jana ulisema ngiri huingia kinyumenyume, nyayo zikitazama nje…"

"Mjukuu wangu, nani alizaliwa kwanza, mimi au wewe?"

"Wewe, Bibi."

"Basi gonga."

Ti-ti-ti! Ti-ti-ti! Fuuu! Ngiri huyo, meno mbele, mkia juu! Vijana huku, vijiti kule. Na Bibi Kabula, aliyelalamikia magoti tangu asubuhi, akaonekana juu ya mgunga, miiba imemkamata nguo.

Ngiri alipokwenda zake, Minza akaita, "Shuka, Bibi. Hatutamwambia mtu."

Bibi alitamani sana kukubali.

"Hapana," akasema kutoka mtini. "Mkificha, mtakuwa mmejifunza mambo mawili leo. Kwamba ngiri huingia kinyumenyume, na kwamba Bibi hakosei. Hilo la pili litawaua. Sasa niteremsheni, polepole, huku nyuma kuna mwiba."

Kijijini akasimulia mwenyewe. Akaigiza ngiri, akajiigiza na yeye mtini. Wazazi wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kisha baba yake Minza akauliza, "Na nyayo, nani alizisoma sawasawa?"

"Minza."

"Alifundishwa na nani?"

Bibi akaanza kuchomoa miiba nguoni.

Kesho yake vijana wakaenda tena porini, Minza mbele. Bibi alifuata nyuma, akiuliza kila hatua mti upi hauna miiba.

Basi, wanangu, anayelijua pori sana ndiye wa kuinama mara mbili, na kumsikiliza hata mwanafunzi wake mwenyewe. Hadithi yangu naiacha hapo, mlangoni mwa shimo. Atakayeiokota achungulie kwanza.