Saumu ya Mwinyi Badru

Palikuwa na sultani mmoja, Mwinyi Badru, mwenye ghala la mtama, binti wa kuozwa, na tumbo linalofika barazani kabla yake. Mwaka mvua ilipogoma, alilifunga ghala, ufunguo akautia shingoni, akangoja bei ipande. Mji ukalala njaa. Watoto walibandikiwa maji matupu jikoni ili wadhani ni uji.

Mara zikaja habari: wajumbe wa posa wako njiani, kutoka kwa sultani jirani. Wakiwaona watu wanavyopepesuka, nani ataoa katika mji kama huo?

Mwinyi Badru alikuwa na waziri wa kupamba maneno, Sheikh Nasibu. Mti ulipoangukia nyumba ya watu, ndiye aliyetangaza kwamba sultani amewasogezea raia kivuli. Akajikuna ndevu. "Njaa ni neno baya, bwana. Tuseme saumu."

Akaitwa Bi Mize, mjane, mpiga mbiu wa mji. Pembe aliirithi kwa marehemu mumewe. Ulimi alizaliwa nao.

"Tangaza," sultani akamwambia, "mjini hamna njaa. Watu wamefunga sunna, wananiombea dua."

"Bwana, pembe hii ikilia, watu hutoka mbio hata waliomo msalani. Hutoka kwa kuwa haijawadanganya bado."

"Basi chagua. Utangaze, au nikukate ulimi."

Bi Mize akawaza. Ulimi ni mmoja tu, na majirani wa kusengenya ni wengi.

"Wamefunga, basi?"

"Wamefunga."

"Sawa, bwana. Lakini mimi mjane wa kanga moja, wageni wataniamini wapi? Neno kubwa lataka kinywa kikubwa. Sema wewe mbele yao. Mimi nitauleta mji."

Sultani, ambaye hakuna sauti aliyoipenda kama yake, akakubali.

Wageni wakafika alasiri. Mwinyi Badru akasimama, akaapa: "Hawa mnaowaona wamekonda, wamefunga kwa ajili yangu. Wananipenda mno."

"Mno," akaitikia waziri.

Mkubwa wa wajumbe, mzee mcha Mungu, akafuta chozi.

Jua likazama, ikaadhiniwa, na mbiu ikalia. Mji mzima ukajaa uani kwa sultani. Kila mtu na bakuli lake, wamekaa mikekani, macho kwa mwenyeji.

"Hawa wanataka nini?" sultani akanong'ona.

"Futari, bwana," akajibu Bi Mize.

"Waambie warudi makwao."

"Niwaambie nini? Kwamba haikuwa saumu?"

"Sema taratibu, wageni wanasikia."

"Mpiga mbiu gani asiyesikika, bwana?"

Waziri akajitia kati. "Tuseme saumu imeongezwa mpaka kesho."

"Sheikh Nasibu, usiku nao umeshakuwa mchana?" akauliza Bi Mize. "Au ndicho kile kivuli chako kilichotusogelea?"

Uani watu wakaguna. Mkubwa wa wajumbe akamgeukia mwenyeji wake. "Ndugu yangu, maghribi imeingia. Aliyefunga hacheleweshwi. Mbona watu wako hawafungui?"

Jasho likamtiririka sultani mpaka kwenye kitovu. Akamkazia macho mjane. "Bi Mize, umemsikia mgeni. Watu wanangoja nini? Si wafungue."

"Wangeshafungua zamani, bwana," akasema Bi Mize. "Lakini ufunguo umeuvaa wewe."