Jina Moja kwa Binti wa Siwema

Sogeeni karibu. Leo nina kesi mkononi, na mahakimu ni ninyi.

Huko Muheza walikuwepo wanawake watatu wa maabara moja. Tunu alijua kusoma virusi, Rehani alijua kuvifunga mdomo, na Sikitu alijua kufikisha dawa pasipofikika.

Mwanamke mmoja wa mji huo, Siwema, alijifungua binti, na kabla hajampa jina, mtoto akashikwa na kirusi cha mafua kikamshukia mapafuni. Kila akivuta pumzi, mbavu zinaingia ndani. Siwema akaweka nadhiri: atakayemponya, mtoto atachukua jina lake. Jina moja tu, na kwao nadhiri haina mchezo.

Tunu alikuwa ameshausoma ujumbe ambao kirusi hicho huingia nao mwilini, ule unaoamuru, "Nitengenezeeni wenzangu." Kirusi hubadilika kila kukicha, lakini alipekua mpaka akapata kipande kisichobadilika.

Rehani akakitengenezea kipande hicho uzi mfupi wa kukishika, herufi kwa herufi, kama upande wa pili wa zipu. Ujumbe ukishafungwa hausomeki, na kirusi hakizaliani tena.

Lakini uzi ulikuwa ukikatika mwilini kabla ya kufika. Sikitu, mbishi kuliko wote, akaufunika kwa vitone vya mafuta na kuugeuza mvuke wa kuvutwa kwa barakoa. Dawa ilikuwa bado ya majaribio. Wakamweleza Siwema hatari zote, naye akakubali.

Mtoto akapumua, akanyonya, akarudi nyumbani.

Siku ya kumpa jina, wote watatu walialikwa. Siwema akawauliza kwa adabu ni nani hasa aliyemponya. Tunu akasema bila yeye wenzake wangekuwa wanapapasa gizani. Rehani akacheka, akasema kusoma barua ya mwizi hakumzuii kuiba.

"Na uzi wako, dada, ungebaki chupani," Sikitu akamwambia.

Siwema aliona kila mmoja ana haki, na aliogopa kuivunja nadhiri yake. Akaomba moyoni apate ishara. Mara mtoto akapiga chafya, na wote watatu wakainuka kwa pamoja kumsikiliza kifua.

Bibi wa mtoto akasema, "Mwanangu, watu wanasubiri. Mwite."

Siwema akainama kwenye sikio la bintiye, akafungua kinywa.

Je, wewe ungemnong'oneza jina gani: Tunu, Rehani au Sikitu?