Nafasi ya Thelathini

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za wafalme na majini. Ni zamani za juzi tu, wakati matokeo ya mtihani yalibandikwa ukutani na watu wakayasoma kwa kufuata kidole. Kaeni vizuri. Mwenye simu aizime, maana mwishoni nitauliza, na safari hii simkubalii mtu aniambie hakusikia.

Huko milimani Ikombo kulikuwa na chuo kikuu. Hakukijenga tajiri, wala hawakukijenga wageni. Kilijengwa na vijiji kumi na viwili vilivyochoka kuzika. Mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, alibebwa kwa machela kutwa nzima kuteremshwa hospitali ya bondeni, na wengi walifia njiani. Basi, ili wapate madaktari wao wenyewe, watu wakafyatua matofali, wakayachoma, wakayabeba kichwani. Kila kijiji kilichora alama yake kwenye tofali bichi kwa kijiti, na tofali moja la kila kijiji likatunzwa kando. Juu ya mlango mkubwa wakaandika kusudi lao: TUMECHOMA MATOFALI HAYA ILI MAMA ZETU WASIFIE NJIANI.

Kijiji cha kumi na tatu, Nsanga, kilikataa. Wazee wake waligombana na wenzao juu ya mahali pa kujenga, wakanuna, wakasema hawachomi hata tofali moja. Na kweli hawakuchoma. Tangu hapo wakaitwa Watu wa Mikono Safi. Wakachekwa sokoni, wakachekwa kisimani, nao wakafunga milango yao. Muuguzi akipelekwa Nsanga, anabisha hodi mpaka anachoka.

Sasa sikilizeni. Maabara ya udaktari ilikuwa na meza thelathini, mwanafunzi mmoja meza moja. Walipokewa thelathini, basi. Aliyefeli mwaka wa pili alirudi kwao, na meza yake ikabaki tupu mpaka wenzake wahitimu. Usiniambie waongeze meza ya thelathini na moja. Nimeshakutana na wajanja kama wewe! Chumba kilijaa hadi mlangoni.

Ishirini na tisa walipata barua. Ila nafasi ya thelathini, kwa desturi ya chuo, haikutolewa kwa barua. Mwombaji alisimama mbele ya baraza la udahili, akaweka kiganja juu ya tofali la kijiji chake, akaeleza kwa nini apewe yeye. Mwaka huo walisimama watatu. Mbele yao aliketi mkuu wa chuo, Profesa Sekela, mama wa maneno machache. Kulia kwake aliketi Daktari Mwalwisi, mwalimu mkali wa maabara. Kushoto aliketi Mzee Kajuni, mjumbe wa vijiji, ambaye kiganja chake kilikuwa bado na kovu la tanuru.

Wa kwanza alikuwa Lugano, binti wa mwalimu wa pale pale Ikombo. Alama kama zake hazikuwahi kuonekana milimani. Chuo kikubwa cha mji mkuu kilimchagua, naye akakiandikia kukikataa ili asome Ikombo, lakini barua ishirini na tisa zilikuwa zimeshatoka. Akaweka kiganja juu ya tofali.

"Shikamooni. Nataka kujua kwa nini damu ya mama aliyejifungua inakataa kukoma, na kwa nini huku kwetu mama hao ni wengi kuliko kwingine. Hilo siwezi kulisoma mbali na hawa mama. Nikilijua, watapona hata wa vijiji nisivyovijua."

"Ukihitimu utakaa?" Profesa akauliza.

Lugano akamtazama usoni. "Profesa, siwezi kuapa. Utafiti ukinipeleka mbali, nitakwenda."

Mzee Kajuni akaguna. Mimi ningekuwa Lugano ningedanganya hapo, na nyinyi pia, msijitie utakatifu. Yeye hakudanganya.

Wa pili alikuwa Ambokile, mhudumu wa zahanati ya kijiji cha Mapogoro kwa miaka minane. Mtihani aliufanya mara tatu. Mara ya kwanza alifeli, mara ya pili alifeli, mara ya tatu akafika palepale kwenye mstari wa kufaulu, bila alama moja ya ziada. Akaweka kiganja juu ya tofali.

"Wazee wangu, mabega yangu yana sugu za machela. Nimebeba mama arobaini na moja. Thelathini na sita walifika. Wale watano nawajua kwa majina, na watoto wao nawajua. Mimi sitoki Mapogoro. Mnifundishe kuwatibu palepale nilipokuwa nawabeba."

"Ukifeli mwaka wa pili?" akauliza Daktari Mwalwisi. "Wa alama kama zako tumewapokea sita. Wanne walifeli. Meza nne zilikaa na vumbi."

"Nimefeli mara mbili, Daktari, na bado niko hapa."

Wa tatu alikuwa Tumpe. Alama zake zilikuwa za kati: alimzidi Ambokile, hakumkaribia Lugano. Alitoka Nsanga. Ndiyo, Nsanga hiyo hiyo.

"Huyu ataweka mkono wapi?" Mzee Kajuni akasema. "Tofali lao liko wapi? Sisi tuliungua, wao walituangalia!"

Ambokile akamsogezea tofali lake. "Weka hapa, mdogo wangu."

"Asante, kaka. Hilo ni la jasho la mama zenu. Silishiki." Akaweka kiganja juu ya meza ya baraza, bila tofali. "Babu zangu walikosea. Sikuja kuwatetea. Lakini mwaka huu Nsanga tumezika mama watano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amezaliwa siku mliyogombana. Muuguzi wenu hafunguliwi mlango. Mimi nitafunguliwa, kwa sababu nina funguo: nina shangazi katika kila nyumba ya tatu. Nipeni miaka mitano, nirudi nyumbani."

"Na anayechoma tofali apate nini, kama asiyechoma anapata sawa?" Mzee Kajuni alisema hivyo kwa uchungu. Msimcheke. Yeye alizika mke.

Baraza likabishana. Daktari Mwalwisi akasema apewe Lugano, chuo ni mahali pa kujua. Mzee Kajuni akasema apewe Ambokile, chuo ni cha waliokichomea matofali na watakaokaa. Profesa Sekela akasema yeye anamwona mama wa Nsanga, maana juu ya mlango hakukuandikwa mama wa kijiji gani. Kila mmoja na wake.

Ndipo Profesa akawageukia wale watatu. "Haya. Kila mmoja aniambie: wewe ukikosa, apewe nani?"

Nilidhani watajiumauma. Hawakujiumauma.

Lugano akasema, "Nikikosa mimi, apewe Tumpe. Hata nikiipata dawa, Nsanga nani atanifungulia niipeleke?"

Tumpe akasema, "Nikikosa mimi, apewe kaka Ambokile. Dada yangu ni mmoja wa wale thelathini na sita. Alimbeba usiku, kwenye mvua, na hakuwa wa kijiji chake."

Ambokile akasema, "Nikikosa mimi, apewe Lugano. Likizo mbili alipanda Mapogoro kwa miguu kunifundisha kemia. Bila yeye ule mstari nisingeuona."

Basi ikawa sare tena. Lugano ana kura moja barazani na moja kwa wenzake. Ambokile hivyo hivyo. Tumpe hivyo hivyo.

Profesa Sekela akainuka, akaenda ubaoni. Pale pameandikwa majina ishirini na tisa, na chini yake namba thelathini, haina jina. Akachukua chaki. Wote watatu wamesimama wima, hakuna aliyeinamisha macho, na kila mmoja anaitaka nafasi ile kwa moyo wake wote.

Hapo Mzee Kajuni akatazama nje dirishani. Kule mbali, kwenye njia ya mlimani, watu wanne walikuwa wakiteremka mbio na machela. Walikuwa mbali mno. Hakuna aliyeweza kutambua ni wa kijiji gani.

Mimi nimemaliza yangu. Profesa amegeuka, anakutazama wewe uliyekaa hapo mbele, anakupa chaki. Ipokee, usijifiche nyuma ya mwenzako. Watu wa machela wanakaribia.

Je, nani alistahili?