"Futa!" Alisema Afande

Wewe unayesikiliza hapo, askari akikuelekezea bastola akuambie "Futa!", utafuta nini? Usijibu haraka. Kuna mtu alijibu haraka, na leo anatafunia upande mmoja wa mdomo.

Katika Uwanja wa Saa Mbovu walikuwepo wapiga picha watatu. Kerubo alikuwa na jicho: alijua mtoto atacheka kabla mtoto mwenyewe hajajua. Makokha alikuwa na mdomo: mtu alikuja kununua nyanya, akaondoka na picha mbili, amevaa tai ya kuazima. Baba Wangeci alikuwa na mikono: kibanda chake cha kuchapisha kilikuwa ng'ambo ya barabara, na ukihesabu hadi kumi picha yako imetoka, bado ina joto.

Shika jambo moja tu kuhusu kazi yao. Kamera haikuvuka barabara. Kadi ya kamera ndiyo iliyovuka. Kerubo akishapiga, aliichomoa kadi, akaibana kiganjani, akampa mwenzake mkono, na kadi ikahama. Salamu hamsini kwa siku! Watu wakawaita "waheshimiwa", maana hakuna mwingine anayesalimia hivyo ila mtu anayetafuta kura.

Basi siku hiyo, saa tisa mchana, Kerubo alikuwa anampiga picha msichana mmoja mwenye joho la kukodi, ametoka kupewa digrii asubuhi hiyo. (Hongera, sista. Karibu mtaani, tumekuwekea nafasi kwenye ukuta.) Nyuma ya joho ikasimama pikapu nyeupe isiyo na namba. Wakashuka wanaume watatu bila sare, wakamkamata Sikuku, muuza soksi. Kosa lake? Juzi, kwenye mkutano wa soko, alisimama akauliza ni nani aliyemvunja muuza soksi mwenzake mkono kwa rungu.

"Niangalieni!" Sikuku akapiga kelele. "Mimi ni Sikuku! Niangalieni usoni!"

Kila mtu uwanjani aliangalia viatu vyake mwenyewe. Mimi pia, na vyangu havina hata cha kuangalia.

Kerubo hakuangalia viatu. Kamera hakuishusha. "Sista, songa kidogo kushoto," akasema. "Tabasamu." Msichana akatabasamu machozi yakimtoka, na kamera ikalia mara moja. Ndani ya ile picha: joho, na juu ya bega la joho, uso wa Sikuku, na uso wa yule aliyemshika mshipi, bastola mkononi.

Mwenye bastola akageuka. "Wewe! Nani amekupa ruhusa ya kunipiga picha?"

"Nimempiga huyu, afande. Na hapa ni barabarani."

"Unanifunza sheria? Futa! Futa sasa hivi!"

Hapo ndipo Makokha alipofika. Mdomo ni mdomo. "Officer, with due respect," akasema, "ukisema futa, sisi tunafuta." Kerubo akaichomoa kadi, akamkabidhi kamera, na kadi ikabaki kiganjani mwa Kerubo. Makokha akatoa kitambaa mfukoni. Akaihemea lenzi. Akaifuta taratibu, kama mtu anayepangusa miwani ya babake. "Kweli ilikuwa na vumbi, afande. Nifute na huku nyuma?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akakimeza kicheko. Kitako cha bastola kikatua kwenye taya ya Makokha. Meno mawili. Kamera wakaikanyaga mpaka ikawa chengachenga, Makokha wakamtupa ndani ya pikapu juu ya Sikuku, na gari likaondoka.

Baba Wangeci alikuwa ameona yote kutoka kibandani. Akavuka barabara, mzee wa watu, suruali imelowa na hajijui. Mmoja wa wale wanaume wa pikapu alikuwa ameachwa nyuma, amesimama pale pale, anawatazama. Baba Wangeci akanyoosha mkono. "Pole, mama," akamwambia Kerubo. Wakasalimiana. Kadi ikahama.

Akaichapisha kwa saizi ya pasipoti, nane kwa karatasi, karatasi baada ya karatasi. Kila mteja aliyekuja kuchukua bahasha yake siku hiyo alipata na Sikuku ndani yake. Saa kumi na moja wale wa pikapu wakaja wakaipiga mateke mashine ya kuchapisha mpaka ikazima. "Ngai," Baba Wangeci akamwita Mungu wake; ndilo neno pekee alilosema.

Kesho yake asubuhi, Mama Sikuku akaenda kituoni.

"Mama, mtu kama huyo hapa hatuna," sajini akasema. "Hatujamshika. Labda amehama na mwanamke."

Mama akaweka picha kaunta. Nyuma yake mnunuzi wa nyanya akaweka yake. Msichana wa joho akaweka yake. Zikafika thelathini na moja. Sajini akazitazama, akainua simu, akawageuzia mgongo.

Jioni hiyo Sikuku na Makokha walitupwa kando ya barabara. Wazima. Tuseme wazima, ila ngumi ya kulia ya Sikuku mpaka leo haifungi.

Mke wa Sikuku ni mjamzito. Mama Sikuku akawaita wale wapiga picha watatu, akawamiminia chai. "Mtoto huyu atabeba jina la aliyemrudisha babake," akasema. "Jina ni moja. Ile picha ni kazi ya nani?"

"Bila jicho langu mngechapisha nini?" Kerubo akasema. "Joho?"

"Na bila meno yangu," Makokha akasema, 's' zikimpigia mluzi, "picha ingefutwa ikaenda."

"Mimi nisingekuja kusalimia," akasema Baba Wangeci, "ungekuwa umeibana kiganjani mpaka leo."

Wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. Wakiwa bado wanacheka, msichana wa joho akaingia bila hodi, anahema.

"Wako uwanjani. Pikapu ileile. Wanamuuliza kila mtu swali moja."

"Swali gani?"

"Ile picha ni kazi ya nani?"

Chai ikapoa vikombeni. Hakuna aliyesema "mimi". Na hakuna aliyesema "yeye". Mama Sikuku alikuwa bado anangoja jina.

Je, wewe ungeamua vipi? Mtoto aitwe jina la aliyeona, la aliyefuta, au la aliyesalimia? Na ukishalipata, utalitamka kwa sauti, dirisha likiwa wazi?

Nanyi mlioituma ile pikapu, pamoja na bosi anayekaa ofisini akisema hana habari: sisi tumesoma mpaka tukamaliza, kazi hatuna, muda wa kusoma tunao. Tuleteeni hiyo sheria inayokataza kupiga picha barabarani. Ukurasa, na mstari. Kama haipo, fungeni namba kwenye gari, vaeni sare, na kabla hamjatuuliza jina la mtu yeyote, tajeni yenu kwanza.