Punda Asiyejua Maneno ya Barazani

Haya, tegeni masikio, maana punda wa kisa hiki ana akili kuwashinda baadhi yenu. Bwana Lali, tajiri wa Lamu, alimkuta punda wa Shekuwe amezubaa nje ya duka lake. Akamfunga uani, akasema ni wake. Shekuwe bila punda hakuwa na kazi, maana ndiye aliyembebea mchanga wa mafundi. Basi akavuta subira mpaka siku mama mkwe wa Bwana Lali alipokuja kumtazama bintiye, ndipo Shekuwe akabisha hodi.

"Shikamoo mama. Tuamulie huyu punda ni wa nani. Atakayefuatwa na punda, huyo ndiye mwenyewe."

"Marahaba. Haya, mfungueni, kisha mwiteni."

Shekuwe akamnong'oneza tajiri, "Nakuonea huruma, bwana. Punda wa sisi wachukuzi hasikii maneno ya barazani. Mporomoshee matusi ya nguoni, kama yale ya bandarini, atakuja mbio."

Bwana Lali akafungua mdomo. Akamtazama mkwewe, katulia ndani ya buibui lake, akaufunga.

"Ewe punda... tafadhali... karibu, mwanangu."

Punda akatikisa sikio.

"Zamu yangu," akasema Shekuwe. Akapiga mluzi kidogo tu, na punda akaja kumlazia kichwa begani.

"Na matusi je?" akafoka Bwana Lali.

"Astaghfirullah! Huyu nimemlea kwa adabu, bwana. Matusi nilikuwekea wewe, mbele ya mkweo."