Karata za Bi Mize

Pengo si la kila karata. Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkacheka, na sasa mnataka kujua maneno haya yametoka wapi. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi, huko Wete, ndani ya nyumba ya eda.

Bi Mize alifiwa na mumewe, Makame, akakaa eda kama ilivyo ada: hatoki, hajipambi. Wifi yake Saumu, dada wa marehemu, alihamia kwake kumliwaza. Huyu Saumu alikuwa mtu wa kutaka kujua. Chungu kikifunikwa, lazima akifunue. Alipomwona Mize akipanga karata za marehemu mkekani, peke yake, hakuweza kujizuia.

"Wifi, unacheza na nani?"

"Na karata zenyewe. Makame akiuita mchezo wa subira."

Saumu akasogea. Safu saba, karata nyingi zimelala kifudifudi, ya mwisho ya kila safu imefunuliwa. Nyekundu hufuata nyeusi, nyeusi hufuata nyekundu, na namba hushuka: saba, sita, tano. Ree, yaani karata ya moja, ikitokea hutolewa kando, ikaanza fungu lake. Saumu alidhani ni mchezo wa watoto. Lakini kila siku karata ziliwakwamia, naye akazidi kunogewa.

Kilichomkera ni sharti moja. Safu ikiisha, mahali pale patupu hapawekwi karata yoyote ila mfalme.

"Mbona hii tano ya kopa inahangaika? Iweke hapo, pazibike."

"Weka uone," Mize akamwambia.

Saumu akaweka. Punde akatokea mfalme wa shupaza, amezikalia karata zote walizozihitaji, wala hana pa kuhamia. Mchezo ukafa. Saumu akazizoa karata kwa hasira, akapanga upya.

Sasa, Saumu alikuwa na lake moyoni. Hamadi, mdogo wa Makame, alitaka kumrithi mjane wa kaka yake, naye Saumu aliliombea dua jambo hilo. Si kwa ajili ya Hamadi, jamani. Alimpenda Mize, akaogopa kwamba akiolewa kwingine atampoteza kama alivyompoteza kaka yake. Eda ilipokwisha na Mize akavaa kanga mpya, Saumu akalitoa lile la moyoni.

"Wifi, Hamadi anakutaka. Ni damu ile ile ya Makame. Nyumba isikae na pengo."

Mize hakukasirika. "Hamadi ni shemeji yangu, namheshimu. Lakini wewe hasa, kwa nini unataka awe hapo?"

"Ili usiniache!" Saumu akaangua kilio.

"Kumbe ni hilo? Wewe hujakaa mahali pa Makame hata siku moja, na bado nakupenda. Pake paache. Pengo si la kila karata."

Saumu akajifuta machozi, akayapeleka majibu yale yale kwa Hamadi. Hamadi, ambaye karata alikuwa hazijui, akataka maelezo. Ikabidi dada mtu amfundishe mchezo mzima. Naye, kama ilivyo kwa kila mgeni wa mchezo ule, alipoona mahali patupu tu akapaziba kwa karata ya kwanza iliyomjia mkononi, akakwama.

Akaiondoa karata ile, akapaacha patupu.

"Mwambie shemeji nimeelewa," akasema taratibu. "Pengo si la kila karata."